Kizibo cha Zebaki

Hapa machimboni Nyarugusu hakuna mtu aijuaye kemia kunizidi mimi. Nilikaa shule ya msingi miaka saba, na katika miaka hiyo yote somo hilo halikufundishwa hata siku moja. Lakini methali isemayo "Kuuliza si ujinga" naijua barabara. Maana yake ni nyepesi: anayeuliza huona haya kwa dakika moja, na anayenyamaza hukaa na kiza chake mpaka mvi zimwote. Mwenye shaka asikilize habari za Ritha, binti wa jirani yangu.

Mama yake huosha mchanga wa dhahabu. Humwaga zebaki kwenye karai, huisugua na mchanga mpaka iing'ang'anie dhahabu, kisha huikamua kwa kitambaa, mikono mitupu, na kuichoma jikoni ibaki dhahabu tupu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Ritha. Shuleni kwao mwalimu wa kemia alihama kabla Ritha hajaanza, asije mwingine, hivyo baada ya kidato cha pili binti akaliacha somo hilo. Akaendelea na Uchumi, Jiografia na Hesabu, akafaulu, akachaguliwa chuo kikuu kimoja jijini Mwanza kusomea mazingira. Kufika huko, ratiba ikamwonyesha somo la lazima: Kemia ya Utangulizi. Akaigeuza karatasi kama chapati kwenye kikaango; upande wa pili mtupu.

Siku ya kwanza mhadhiri, Dokta Paskazia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, aliuliza, "Nani hakusoma kemia sekondari? Anyooshe mkono, nimpangie darasa la Jumamosi."

Mkono wa Ritha ukaanza kupanda. Aliyeketi kando yake, kijana mtanashati wa Shinyanga mjini aitwaye Stanslaus, akamnong'oneza, "Ushushe, dada. Wanaonyoosha ndio wa kwanza kuondolewa. Mimi nina A ya kemia, wewe uwe unaangalizia kwangu."

Mkono ukashuka.

Kwa wiki sita Ritha akawa kama bubu aliyealikwa kwenye ngonjera. Akisikia habari za moli, haulizi. Akisikia za atomi, huitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Alinakili kazi za Stanslaus neno kwa neno. Jaribio la kwanza likarudi: kumi na moja kwa mia. Stanslaus alikunja karatasi yake upesi, akasema Dokta hajui kusahihisha. Kwa Ritha mambo yalikuwa yamefika shingoni. Asipofikisha hamsini katika jaribio la pili, hataruhusiwa kufanya mtihani, na asipofanya mtihani atarudi nyumbani kusugua karai.

Siku moja maabarani, kipimajoto kilianguka kikavunjika. Zebaki ikatawanyika sakafuni, vitone viking'aa kama macho ya panya. Wanafunzi wote wakaruka nyuma. Ritha peke yake akaruka mbele. Akapiga magoti, akaikusanya kwa kiganja, taratibu, kwa ustadi wa mtoto aliyekulia kwenye makarai, akaimimina kwenye kizibo cha chupa ya maji.

"Msiikanyage," akawaambia wenzake. "Mali hii. Nitampelekea mama."

Dokta Paskazia akaamuru madirisha yafunguliwe na watu watoke nje, akamshika Ritha mkono mpaka kwenye bomba. Alipokwisha kumnawisha akamuuliza kwa upole uliotisha kuliko ukali.

"Ritha, kemia ulisoma wapi?"

"Sikusoma, Dokta."

"Mbona siku ile hukunyoosha?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Tuwafukuze wasiojua? Wanaojua watakuja kufanya nini hapa?"

Ritha akajisikia mwepesi kama aliyetuliwa kiroba cha mawe. Papo hapo akauliza swali lake la kwanza tangu afike chuoni: "Dokta, mbona mama anaishika kila siku na yu mzima?" Akaelezwa kwamba mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, huingia mapafuni na kudhuru polepole. Jioni hiyo akapiga simu nyumbani.

"Ng'wanone, mwanangu," mama akamwambia, "miaka kumi na mitano naichoma jikoni, leo kemia ya wiki sita ndiyo inifundishe?"

"Basi usiniamini mimi, mama. Nenda kaulize hospitali."

Mama alinung'unika, lakini akaenda. Wiki iliyofuata akapiga mwenyewe: amepimwa, ameambiwa amewahi, na jikoni kwake sasa hakuchomwi kitu ila mahindi. Ritha akalia kwa furaha mpaka akaishiwa na leso.

Jumamosi wakakaa wawili tu, yeye na Dokta. "Moli ni nini?" Ritha akauliza.

"Ukiwa na dazeni ya dagaa na dazeni ya sangara, wepi wengi?"

"Idadi ni sawa, Dokta. Ila sangara watanivunja mgongo."

"Umeshajibu. Moli ni hesabu kama dazeni, ila kubwa mno, ya vitu vidogo mno. Moli ya kaboni na moli ya dhahabu zina atomi sawa kwa idadi. Uzito ndio hauko sawa."

"Kumbe ni hivyo tu?"

Tangu hapo aliuliza bila kupumzika, hata fundi wa maabara akimwona hupitia mlango wa nyuma. Jaribio la pili likampa sitini na nane. Akashusha pumzi aliyoibana tangu siku ya kwanza, akala wali sahani mbili.

Jumamosi iliyofuata mlango wa maabara ukafunguliwa. Akaingia Stanslaus, daftari kwapani.

"Shikamoo, Dokta. Nimepita mara moja tu, natafuta kalamu niliyoisahau hapa jana."

"Marahaba. Jana maabara ilifungwa kutwa," Dokta akasema. "Na hiyo iliyo mfukoni ni ya nani?"

Stanslaus akajipapasa shati, akaichomoa kalamu, akaitazama kama mgeni. Ritha akamsogezea kiti.

"Na ile A ya kemia, kaka?"

"Ilikuwa ya Uraia," akajibu Stanslaus kwa sauti ndogo, akaketi.

Kuuliza si ujinga; ujinga ni kuitafuta kalamu iliyo mfukoni mwako.