Nguzo ya Jikoni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya miti na udongo. Sebule yake ilipakwa chokaa ikang'aa, na nyuma yake palikuwa na banda la jiko, kuta zake nyeusi tititi kwa masizi. Mkewe, Namkunda, alishinda humo tangu kupambazuka. Nyumba nzima ilikula kutoka jiko lile, lakini wageni walionyeshwa sebule.

Kila masika yalipokwisha, mwenye nyumba alimwita fundi wa mchwa. Fundi alikuwa stadi, tena mtu mpole. Alizunguka sebuleni akigonga nguzo moja moja kwa kinyundo na kutega sikio, maana nguzo nzima hutoa sauti nzito, na iliyoliwa ndani hulia kama debe tupu. Iliyolia hivyo aliitia dawa mapema, na nyumba ikasalimika. Lakini kazi yake alijifunzia katika nyumba za chokaa, ambako njia ya mchwa ukutani hujionyesha hata kwa mpita njia. Jikoni hakuingia. Kwa desturi ya pale, mwanamume mgeni haingii jiko la mke wa mtu. Na aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba moshi hufukuza mchwa. Akaamini, kwa kuwa hakuwahi kuwaona mchwa jikoni. Na hakuwahi kuwaona kwa kuwa hakuwahi kuwatafuta.

Mwaka mmoja, msumari ambao Namkunda alitundikia ungo wake ulichomoka katika nguzo ya katikati ya jiko. Akaurudisha kwa kidole gumba, ukaingia wenyewe bila kupigwa. Akaingiwa na hofu, kwani nguzo ile ndiyo iliyobeba paa lote la jiko, naye kutwa alikuwa chini yake. Fundi alipokuja, Namkunda alimpelekea chai, akasimama mlangoni kwa adabu, akamwomba aje aigonge tu. Fundi akatabasamu, akamwambia mama asijitie hofu, moshi unamlinda. Mumewe akasema wanawake hawaishiwi wasiwasi, akamwongezea fundi chai. Maskini mama wa watu, akaomba radhi kwa kuwasumbua, akarudi chini ya nguzo yake.

Mchwa hawakujali moshi. Walipanda kutoka ardhini, ndani kwa ndani ya mti. Namkunda alikuwa akisonga ugali nguzo ilipokatika na boriti ikamwangukia kifuani.

Wakamlaza sebuleni, katikati ya nguzo nzima. Fundi akaitwa, akaja mbio. Aliitazama nguzo ya jikoni, ambayo ilikuwa imebaki ganda, akasikitika kweli kweli, akasema laiti wangemwita mapema. Ndipo Namkunda akafumbua macho.

"Nilikuita, fundi," akasema. "Ulikuwa umekaa hapa hapa, unakunywa chai niliyoichemsha chini ya nguzo ile."

Mume akainamisha kichwa. Fundi akachukua kinyundo, akaingia jikoni kwa mara ya kwanza, akaanza kugonga nguzo zilizosalia huku machozi yakimtoka. Karibu zote zililia tupu. Namkunda aliisikia milio ile mmoja baada ya mwingine, hata asiisikie tena.

Saratani nayo hula ndani kwa ndani. Ninyi mnaoitafuta katika miili ya watu, mliofundishwa alama zake kwa ngozi nyeupe na kuambiwa nani haimpati: yule mama mweusi aliyesimama mlangoni kwenu leo, akiwaomba mumpime tu mahali panapomtia shaka, mmemjibu nini?