Kuba la Bruda Fokasi

Hapo zamani, abasia ya Lunyere ilipokuwa na watawa arobaini na vitabu vilivyojaa hadi chini ya vitanda, Baba Abati aliagiza ijengwe maktaba ya fahari, kwa mtindo wa kale wa Ulaya uitwao baroko: kuta zinazopinda, nguzo zilizosokotwa, roshani ya juu, na kuba lililochorwa mbingu.

Watawa wale walikuwa na desturi. Kila jengo lilipewa mstari mmoja tu katika daftari la kumbukumbu, wa jina la mtu mmoja aliyelijenga, nalo lilisomwa mezani kila mwaka, wote wakiwa kimya. Mtawa hana mtoto wa kumwachia jina. Ndiyo maana Bruda Fokasi aliutamani mstari ule kuliko alivyothubutu kuungama.

Fokasi ndiye aliyechora ramani. Alichora miaka saba, hata macho yakazimika. Bruda Damasi, seremala, alipoipokea alicheka.

"Mzee wangu, roshani naiona, ngazi iko wapi? Tupande kama nyani?"

Fokasi alikuwa ameisahau. Damasi akaichonga, akaificha nyuma ya mlango uliofanana na rafu, wenye migongo ya vitabu bandia vya mbao.

Kisha kuta zikaonyesha nyufa, zisingebeba kuba. Ikawekwa dari bapa ya mbao. Bruda Melkiori, mchoraji, akachora kuba juu yake, kivuli kwa kivuli, hata aliyesimama chini aliapa kwamba paa linapaa.

Fokasi hakuambiwa. "Kuba limetokaje?" aliuliza kila asubuhi.

"Kama ulivyolichora," walimjibu, wakimshika mkono.

Siku ya ufunguzi aliingia, akapiga kofi moja. Akasikiliza. Akapiga tena. Sauti ilirudi upesi mno.

"Hii ni dari bapa," akasema. Ndipo akatabasamu. "Wanangu, mmenidanganya vizuri. Baba, andika Melkiori. Kuba ni lake."

"Nilifuata mistari yako tu," Melkiori akasema. "Andika Fokasi."

"Mimi siondoi jina langu!" Damasi akafoka, huku akipangusa macho. "Mmoja kachora pasipofikika, mwingine kachora kisichokuwepo. Ngazi yangu inakanyagika! Bila mimi vitabu vya juu vingesomwa na popo."

Baba Abati akachovya kalamu. Fokasi akasikia wino ukidondoka: tone la kwanza, la pili. Mstari ulikuwa mmoja.

Nanyi mnaosikiliza, mngeishika vipi kalamu ile? Je, nani alistahili?