Tetere na Ufagio wa Majani Mabichi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliokwisha kulala. Wa nyuma kule sikuwasikia kabisa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Mpisheni bibi pale akae vizuri, nami nitoe nilicho nacho.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata ukungu ulikuwa na kwao, palikuwa na kijiji ndani ya bonde. Bonde lenyewe kama bakuli. Ukitaka kutoka unapanda, ukitaka kuingia unashuka. Asubuhi ukungu unajaa mle mpaka jogoo anawika hauoni mkia wake mwenyewe.

Na katika kijiji hicho palikuwa na gari moja. Moja tu. Lilikuwa gari la zamani hata kwa watu wa zamani. Mgongo wa mviringo, taa mbili za duara, viti vya ngozi vinavyonuka mvua. Siku hizo magari yalipewa majina kama ng'ombe, na hili liliitwa Tetere, kama yule njiwa wa porini. Akiwaka analia tu-tu-tuu, tu-tu-tuu, polepole, hana haraka na mtu.

Tetere hakubeba mkaa. Tetere hakubeba mihogo. Tetere alibeba maharusi.

Dereva wake alikuwa Mkwizu, aliyeachiwa gari hilo na baba yake. Mtu mkimya, mwenye mikono mikubwa, wa kucheka mara moja kwa mwaka.

Sasa sikilizeni desturi za watu hao, maana ndizo zilizoleta maneno. Kila harusi, Tetere anapakwa rangi upya. Bibi harusi akishaingia garini hashuki mpaka afike, na gari halisukumwi hata kwa kidole, ni mkosi. Na akishaondoka, mama yake anashika ufagio wa majani mabichi na kufagia nyayo zake, kutoka kizingitini mpaka pale gari liliposimama. Fya, fya, fya. Nyayo zimekwisha. Na binti amekwisha kwenda. Harudi, hata kusalimia, wala kwao hawamfuati.

Hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba hivyo ndivyo binti anavyotulia huko aendako. Walifagia na kulia, walilia na kufagia.

Mkwizu alikuwa na dada, Naetwe. Alipoolewa ng'ambo ya kilima, Mkwizu alikuwa bado kijana, na baba yao ndiye aliyeshika usukani. Mkwizu alimwona dada yake amegeuka nyuma kwenye kioo. Kisha akasikia fya, fya, fya. Miaka ishirini na mitano ikapita. Siku za jua aliweza kuuona moshi wa kijiji cha Naetwe ukipanda nyuma ya kilima. Moshi tu. Alimkumbuka sana dada yake, na hakumwambia mtu.

Basi ikafika zamu ya binti yake wa pekee, Nakiete.

Mkwizu akampaka Tetere rangi mwenyewe. Siku saba. Rangi nyeupe iliyochanganywa na njano kidogo, kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Hakupaka kama wengine wanavyopaka, juu juu. Alifungua kila nati, akapaka chini yake, akaiacha ikauke, akarudisha nati. Akafungua boneti, akapaka ndani. Akalala chini, akapaka tumbo.

Majirani wakamtania. "Mkwizu, hata tumbo la gari?"

"Hata tumbo," akasema.

Hakujua namna nyingine ya kumwambia binti yake kwamba anampenda.

Siku ya harusi ikafika. Ukungu ukapanda, jua likaingia bondeni. Wakaja watu wa bwana harusi, wakiongozwa na mshenga, mzee mwembamba aliyevaa kanzu na uso wa kuhesabu mawingu. Nakiete akatoka amefunikwa kanga mpya. Akatembea polepole juu ya mchanga laini, akaingia garini, akakaa kiti cha nyuma. Mama yake, Nambike, akasimama mlangoni na ufagio wa majani mabichi mkononi.

Mkwizu akazungusha ufunguo.

Tik.

Kimya.

Akazungusha tena. Tik. Kimya. Vigelegele vikakatikia njiani.

"Nini?" akauliza mshenga.

"Anaamka," akasema Mkwizu.

Tik. Kimya. Hakuamka.

Akafungua boneti. Akaitwa fundi wa baiskeli, akaja na betri nyingine, akafunga. Tik. Kimya. Akaja jamaa aliyewahi kuendesha trekta, akachomoa plagi zote, akazisugua, akazirudisha. Tik. Kimya. Akaja mwingine akalipiga gari teke. Huyo sitawaambia jina lake, wajukuu zake wamo humu ndani.

Jua likavuka katikati ya mbingu.

Mshenga akamsogelea Mkwizu, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, unaijua desturi ya kwetu. Jua likitua binti yuko katikati ya nyumba mbili, hakuna harusi. Sisi tutarudi na vitu vyetu. Na binti hatachumbiwa tena upande ule."

"Naijua," akasema Mkwizu. Bonde lote mlima, gari halisukumwi, na jua halimngojei mtu.

Nakiete alikuwa ametulia ndani ya kanga.

Hapo ndipo akaja Babu Senkondo.

Babu Senkondo alikuwa mhunzi zamani, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Alikuwa amelala kwake, upande wa pili wa kijito, na katika usingizi akasikia tik. Akageuka. Akasikia tik tena. Akaamka, akachukua fimbo, akachomeka kiunoni tupa yake ya kusugulia chuma, akaja hatua kwa hatua. Hakuna aliyemwita. Alisema baadaye kwamba chuma kilikuwa kinauliza swali, na watu wote walikuwa wanakijibu kabla ya kukisikia.

Akafika. Hakugusa kitu. Akakaa kwenye kigoda mbele ya Tetere, uso kwa uso.

"Washa taa," akasema.

Mkwizu akawasha. Taa zikawaka, nyeupe, hata mchana ule zikaonekana.

"Sasa zungusha ufunguo."

Tik.

Babu akatazama zile taa. "Hazikuyumba," akasema. "Mwenye njaa ukimbebesha mzigo anayumba. Huyu hakuyumba. Basi nguvu anazo. Ila hatoki nazo."

"Kwa nini, Babu?" akauliza Mkwizu.

"Ngoja. Sijui bado. Wewe ulishajua, ndiyo maana mpaka sasa mko hapa."

Akasimama. Akaanza kupapasa. Akaweka mkono juu ya betri. Akafuata waya mnene mpaka kwenye injini. Alikuwa ananong'ona, kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Uliyetoka, ulitoka wapi?
Utakaporudi, utapita wapi?"

Watu wakatega sikio. Hata upepo ukakaa. Jua lilikuwa limelala juu ya majani, na ule mnong'ono ukawa unazunguka bondeni kama nyuki mmoja. Wengine walisema baadaye kwamba walisinzia wamesimama.

"Zungusha. Usiachie."

Tik.

Mkono wa Babu ukapita juu ya kamba ya choki, kile kiwaya chembamba anachovuta dereva gari likiwa baridi. Akauondoa haraka. Akaurudisha. Akatabasamu.

"Njoo uguse hapa."

Mkwizu akagusa. Kiwaya kilikuwa cha moto, moto wa kuunguza.

"Huyu si wa kupitisha umeme," akasema Mkwizu. "Huyu anavuta choki tu."

"Si kazi yake, ndiyo. Lakini umeme amempitisha. Sikiliza, Mkwizu. Umeme ni msafiri. Anatoka betrini, anaingia kwenye injini, anafanya kazi. Lakini hatoki kwa moyo mmoja mpaka awe na njia ya kurudi betrini. Akikosa barabara ya kurudi, anapenya uchochoroni. Na uchochoro huu mwembamba, hauwezi kumbeba. Kwa hiyo hatoki. Anagonga mlango tu. Tik."

"Barabara yake ya kurudi iko wapi?"

"Hilo ndilo swali la Tetere," akasema Babu.

Akatoa mfukoni mkufu mnene wa shaba, aliousuka mwenyewe siku za ujana. Akashika ncha moja kwenye chuma kitupu cha injini. Ncha nyingine akaigusisha kwenye kichwa cha betri, kile cha upande wa kurudia.

"Zungusha."

Grrr, grrr, grrr. Tetere akatikisika mwili mzima. Watu wakaruka nyuma.

"Basi tufunge huo mkufu hapo tuondoke," akasema mshenga, jicho lake juani.

"Hapana," akasema Babu. "Mkufu umetuambia ugonjwa. Haujauponya. Atakuzimikia kilimani, na huko mimi sipandi."

Akainama upande wa chini, Mkwizu akainama naye. Pale palikuwa na waya mpana, bapa, uliosukwa kama ukili wa mkeka, unaotoka kwenye injini na kukazwa kwa nati kwenye mwili wa gari. Mafundi wanauita athi, ndiyo barabara yenyewe ya kurudi. Nati ilikuwa imekaza. Waya ulikuwa mzima. Kila kitu kilikuwa safi, kinang'aa kama maziwa.

Babu akaichungulia ile nati muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani aliyepaka chini ya nati?"

Mkwizu akapitisha kidole juu ya nati.

"Mimi," akasema.

"Vizuri ulipaka. Sijaona rangi iliyopakwa vizuri hivi." Babu akamgusa bega. "Lakini rangi haimpitishi msafiri. Chuma kinataka kugusana na chuma, kitupu kwa kitupu. Umempamba mpaka umemfungia njia."

Akampa tupa. Mikono ya mzee ilitetemeka, ya Mkwizu haikutetemeka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa. Akafungua nati. Akakwangua. Kwaru, kwaru, kwaru. Maziwa yakadondoka chini vipande vipande. Chini yake chuma kikaonekana, cheusi kwanza, kisha cheupe, kisha kinameremeta kama sarafu mpya. Akasugua na kichwa cha waya. Akapaka grisi kidogo juu, maji yasiingie. Akarudisha nati, akakaza.

Wakati Mkwizu anakwangua, Babu Senkondo alikwenda kwenye dirisha la nyuma.

"Mjukuu wangu, unaogopa kwenda?"

Kutoka ndani ya kanga ikatoka sauti. "Siogopi kwenda, Babu. Mume nampenda."

"Unaogopa nini?"

"Ule ufagio," akasema Nakiete.

Mkwizu alikuwa amelala chini ya gari, lakini alisikia. Alisikia na neno lile likamwingia. Akakumbuka uso kwenye kioo. Miaka ishirini na mitano alikuwa amejiambia kwamba dada yake alitulia huko. Hakuwahi kumuuliza mtu.

Akatoka chini. Akaketi kwenye usukani. Akazungusha ufunguo.

Tu-tu-tuu. Tu-tu-tuu. Tu-tu-tuu.

Tetere alikuwa ameamka. Bonde likajaa vigelegele. Mshenga akapanda haraka, akasema, "Twende, twende, jua hilo."

Na mlangoni, Nambike akainua ufagio wa majani mabichi.

Mkwizu akaona. Akaacha injini inanguruma, akashuka. Mshenga akashika kichwa. Mkwizu akatembea mpaka mlangoni, pembeni ya nyayo za binti yake, asizikanyage. Akamshika mkewe mkono.

"Usifagie," akasema.

"Watu watasema nini?" akauliza Nambike, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Watasema. Wewe usifagie. Mwache na njia yake."

Nambike akamtazama Babu Senkondo. Babu akatazama kilima, kana kwamba hayamhusu. Nambike akatazama zile nyayo, ndogo, moja mbele ya nyingine, juu ya mchanga. Akauweka ufagio chini.

Kwenye kioo cha nyuma Nakiete alikuwa amegeuka. Kanga ilikuwa imeteleza kichwani. Alikuwa anacheka.

Wakapanda kilima. Tu-tu-tuu. Wakafika jua limegusa mlima, halijazama. Harusi ikawa harusi.

Watu walisema, kweli. Walisema mwezi mzima. Lakini Nakiete alitulia kwa mumewe, na baada ya mwezi akaja kusalimia na kikapu cha mayai, akarudi kwake. Hakuachwa. Mbingu hazikuanguka. Habari hiyo ikavuka vilima, ikaingia kijiji kwa kijiji, kwamba bondeni kule hawafagii tena.

Asubuhi moja Mkwizu alikuwa anamfuta Tetere umande. Ukungu umejaa, huoni mkono wako. Akasikia hatua. Mtu anashuka, polepole, mtu aliyechoka. Hatua zikasimama kizingitini. Ukungu ukafunguka kidogo, akaona mama mmoja mwenye mvi, ana kifurushi kichwani.

"Nimesikia," yule mama akasema, "kwamba njia iko wazi."

Mkwizu akaangusha kitambaa.

"Naetwe," akasema. Wakakaa chini palepale, juu ya mchanga, kaka na dada, mpaka jua likaumaliza ukungu.

Babu Senkondo alikwenda zake kitambo, kama wazee wote. Lakini mpaka leo, gari likigoma, watu wa bonde lile hawalipigi teke. Wanauliza kwanza lile swali lake, utakaporudi, utapita wapi? Na binti akiolewa wanampamba, wanalia, wanaimba. Ufagio unabaki ndani.

Funzo la ngano hii ni hili. Umpendaye ukimwandalia safari, mwandalie na njia ya kurudi. Akijua ipo, ataondoka kwa nguvu zake zote.

Hadithi yangu imefika kwake, nami nimefika kwangu. Nanyi nendeni salama, nyayo zenu siwafagilii.