Kisu Kilichorudishwa Mara Tatu

Kisu kikisemwa, tazama mkono.

Maneno hayo yalinitoka jana barazani kwangu. Mjukuu wangu Semeni alikuja kuniuliza kama anunue cherehani yake ya kwanza ya chapa fulani, na kabla sijafungua mdomo binamu yake Hoza akadakia kwamba chapa hiyo ni takataka, ya shangazi imekufa haijamaliza mwaka. Nikasema hayo niliyosema. Wote wawili wakanigeukia, wakataka kujua nimeyatoa wapi. Nikawaambia sikuyatunga mimi, nilipewa. Wakakaa, nami nikaanza.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini, mbebeshaji wa michungwa katika kitalu cha Mzee Mhina, nje kidogo ya mji wa Muheza. Kubebesha ni kuchukua jicho la mchungwa mtamu na kulipachika kwenye mche wa ndimu kali, mizizi iwe ya ndimu na matunda yawe ya mchungwa. Unapasua gome la mche kwa kisu, unalinyanyua kidogo, unachomeka jicho ndani, unafunga kwa utepe wa nailoni. Siku ya ishirini na moja unafungua. Jicho likiwa kijani, limeshika. Likiwa jeusi, umejichosha bure.

Kisu chenyewe ni kidogo, cha kukunja, kinakaa mfukoni. Na palikuwa na mwiko: kisu cha mbebeshaji hakiazimwi. Mwenzako angekuvulia shati lake kabla ya kukupa kisu chake, maana tuliamini kila mkono hukizoesha kisu tabia yake. Kwa hiyo asiye na kisu hakuhesabiwa mbebeshaji. Huyo alifunga tepe na kumwagilia, hata kama kazi aliijua kutushinda.

Mwantumu alifunga tepe nyuma yangu misimu miwili. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mtu wa shoto, vidole vyepesi, na kutulia hakujui. Akisimama, mguu mmoja unachora chini. Nyumbani kwao walikuwa wamempigia kelele sana kuhusu ule mkono wa kushoto, wakachoka, wakamwacha nao.

Asubuhi moja masika yakielekea mwisho, Mzee Mhina alimwita mbele yetu sote.

"Mwantumu, Saguti amehama. Tuta lake lina miche mia mbili, halina mtu. Ukija na kisu chako kabla gome halijashikana, tuta ni lako na wewe ni mbebeshaji. Likishikana, msimu ujao namleta mpwa wangu kutoka Korogwe. Sitakuwa na nafasi nyingine."

Gome la mche hunyanyuka wakati mti umejaa maji tu. Mvua zikikatika, linanatana na mti, na hapo hata ungekuwa na kisu cha mfalme hulifungui. Mvua zilikuwa zimebaki za kuokoteza. Binti alikuwa na siku tano, pengine sita.

Pesa alikuwa nayo, aliidunduliza msimu mzima kwa ajili hiyo, na ilitosha kisu kimoja. Taabu ilikuwa kwamba duka la Mzee Twalibu pale mjini liliuza visu vya kubebeshea vya aina moja tu, Chapa Kulungu, vyenye kichwa cha kulungu kwenye mpini. Na Chapa Kulungu kilitugawa kitaluni kama Simba na Yanga. Nusu yetu walikiapia. Nusu walikilaani. Saa ya chai tulibishana mpaka uji unapoa, na mtu mpya akija aliulizwa yuko upande gani kabla hajaulizwa jina.

Mimi nilikuwa kinara wa waliokilaani, na leo nasema bila kuficha. Alipokuja kuniuliza nilimpa maneno ya kushiba.

"Kaka Shekuwe, ninunue Kulungu au nisinunue?"

"Usithubutu. Hiki mfukoni mwangu ni Kulungu. Mwezi wa kwanza asali, mwezi wa pili kikaanza kutafuna. Hakikati jicho, kinalila. Utatupa pesa yako shimoni."

Akaenda kwa Bi Kidawa, mama wa makamo aliyekuwa hodari kuliko sisi wote.

"Shangazi, ninunue?"

"Nunua leo hii. Changu kina miaka kumi na hakijanivunja moyo. Wanaokisema ni wavivu."

Akarudi kwangu kuniambia Bi Kidawa kasema nini. Nikampa mengine. Akaenda kwa wa tatu, kwa wa nne. Kila aliyemwuliza alimwongezea mzigo, na wote tulikuwa na uhakika. Siku ile moja alikwenda dukani mara tatu. Alikishika kisu, akakikunjua, akakikunja, akakiweka, akatoka, akarudi. Twalibu akamwambia, "Binti, ukikikunja tena msumari wake utalegea, na hapo utakinunua utake usitake."

Siku ya pili mvua haikunyesha. Mzee Mhina alipita kwenye matuta akikwaruza gome kwa ukucha, kama alivyofanya kila asubuhi. "Bado linafunguka," alisema, "ila limeanza kununa." Mwantumu alisikia. Nilimwona amesimama na ndoo mkononi, maji yanamwagikia miguuni, hana habari. Niliona huruma, lakini huruma yangu ilikuwa ya kumwambia tena asinunue.

Siku ya tatu aliacha kuuliza. Alikuja akaketi karibu na kinoo, lile jiwe tulilolishiriki sote kwa kunolea, akawa anatutazama tu. Bi Kidawa alikuja kunoa, akatazamwa. Nikaja mimi, nikatazamwa. Nilimwuliza, "Unatafuta nini hapa?" Akajibu, "Napumzika, kaka." Nikajua ni uongo, maana huyo hakuwahi kupumzika, lakini nikaendelea na kunoa kwangu.

Mchana akaenda kwa Twalibu mara ya nne. Yaliyotokea huko tulisimuliwa na Twalibu mwenyewe. Binti hakukikunja kisu safari hii. Alikipindua tu, akakitazama makali kwa upande huu na upande huu, kisha akauliza.

"Mjomba, hiki kimechongwa upande mmoja. Upande wa pili ni bapa. Hakuna kilichochongwa upande mwingine?"

Twalibu alifikiri, akacheka, akavuta droo ya chini kabisa. Akatoa kisu kilichofungwa kwenye gazeti lililogeuka rangi ya chai.

"Kilikuja kimoja tu kwenye boksi. Hiki ni kibovu, mwanangu, nakwambia ukweli. Kimenunuliwa mara tatu, kikarudishwa mara tatu. Sijui kwa nini sijakitupa."

Mwantumu alikishika kwa mkono wake wa kushoto. Akatoka nacho uani, akakata kijiti cha mstafeli, akakitazama pale kilipokatwa. Akarudi ndani, akalipa. Twalibu alitaka kumpunguzia bei kwa aibu, naye akakubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Tulipomwona nacho kitaluni, tulicheka. Tulikitambua wote. Bi Kidawa, mpenzi mkubwa wa Kulungu, alijishika kiuno akasema, "Mwanangu, hata mimi hicho nilikirudisha." Kwa mara ya kwanza waliokiapia na waliokilaani tulikubaliana jambo moja, kwamba Mwantumu ameliwa. Aliingia kwenye tuta lake akapiga magoti.

Alibebesha siku tatu mfululizo, akifunga tepe mwenyewe. Ya nne asubuhi Mzee Mhina alikwaruza gome, akatikisa kichwa, akasema kazi ya msimu imekwisha. Mwantumu alikuwa amemaliza mche wa mwisho jioni ya jana yake.

Kisha zikaja zile siku ishirini na moja. Mimi nilizoea kungoja, yeye alikuwa mgeni nazo. Alipita kando ya tuta lake asubuhi, mchana na jioni, mikono ameifumbata mgongoni, kwa kuogopa kwamba ikiachwa huru itafungua. Alikonda. Chai aliinywa amesimama. Alifahamu kwamba macho yakiwa meusi, hana kisu cha maana, hana pesa ya kingine, na tuta ni la mpwa wa Mzee Mhina.

Siku ilipofika tulifungua pamoja, tuta langu likiwa jirani na lake. Mzee Mhina alipita na kijiti akihesabu. Kwangu, kati ya miche mia mbili, macho mia moja na arobaini yalikuwa kijani. Si haba, ndivyo nilivyopata kila mwaka. Kwake alihesabu, akarudi mwanzo akahesabu tena. Mia moja themanini na saba.

Mwantumu aliketi palepale kwenye udongo na mguu wake ukatulia. Mzee Mhina akamwambia, "Mbebeshaji, simama, utachafua nguo," na hivyo ndivyo alivyomkabidhi kazi.

Mimi nilimfuata, nusu nikiwa na furaha yake, nusu moyo unaniuma.

"Basi nimekosea," nikamwambia. "Kulungu ni kisu kizuri, nami nimekisema bure."

"Si kizuri, kaka. Ukikishika hiki changu wewe, kitakuharibia miche yote. Kinafaa mkono wa kushoto. Wale watatu waliokirudisha hawakusema uongo."

"Na Bi Kidawa naye?"

"Hakusema uongo. Yeye ananoa upande ule uliochongwa tu. Ule bapa anaulaza kwenye jiwe mara moja, anauinua. Ule bapa ndio unaolala na jicho ukalikata sawa."

Nilikuwa najua atakayosema baadaye, na bado nikauliza. "Na mimi?"

Alitazama chini. Nilikuwa mkubwa kwake na alinistahi.

"Wewe, kaka, unanoa pande zote mbili. Kama kisu cha jikoni."

Nilitoa kisu changu mfukoni nikakitazama. Miaka sita nilikuwa nakitazama kila siku, na sikuwa nimekiona. Upande uliotakiwa kuwa bapa ulikuwa na mteremko, na ule mteremko niliuchonga mwenyewe, asubuhi moja baada ya nyingine, nikitukana kiwanda.

"Uliyaona haya siku ile kwenye kinoo?"

"Niliyaona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwenda pale kutafuta kisu, kaka. Sikwenda kukufundisha kunoa." Kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, "Nilipokuwa nauliza niliambiwa mengi, nikachanganyikiwa. Ndipo nikaona afadhali, kisu kikisemwa, nitazame mkono. Nikaitazama yenu, mwisho nikautazama wangu."

Mzee Mhina alikuwa karibu akasikia. Saa ya chai aliyarudia mbele ya wote, akitutazama mmoja mmoja, na tangu siku hiyo kitaluni hatukubishana tena juu ya Kulungu. Mtu akianza tu, mwenzake anamshika kiganja na kukigeuza juu. Kutoka kitaluni maneno yakaenda sokoni, kutoka sokoni yakaenda na mabasi.

Nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimpa Mwantumu kisu changu, mkononi mwake, nikavunja mwiko. Akanionyesha jinsi ya kuulaza ule upande kwenye jiwe mpaka ubapa urudi. Ilinichukua miezi miwili. Hiki hapa, nikawaambia Semeni na Hoza, nikakitoa mfukoni nikakikunjua. Kimekuwa chembamba kama jani la mchaichai. Upana uliopotea niliusaga mwenyewe, nusu kwa mkono na nusu kwa mdomo. Na wale ambao walinisikiliza wakaacha kukinunua, sijui ni wangapi, na sijui walikosa nini. Hilo linanichoma mpaka leo.

Semeni alikishika kisu, akakipindua upande huu na upande huu. Hoza alikuwa amefungua mdomo aseme jambo juu ya cherehani, akaufunga.

"Hoza," Semeni akamwuliza, akinirudishia kisu changu, "shangazi cherehani yake alikuwa anaitia mafuta gani?"

Hoza alijikuna shingo, akatazama mlangoni.

"Ya kupikia," akasema.

Kisu kikisemwa, wajukuu zangu, tazama mkono.