Mwanakombo na Watoto wa Kioo

Sogeeni, wajukuu. Nikisema "Palikuwapo," nyinyi jibuni "Tukasikia." Palikuwapo! Haya, sasa nami nina nguvu za kusimulia.

Palikuwapo zama ambazo bahari yenyewe ilikuwa bado changa, na samaki wote wakitaga mayai palepale mwambani walipoishi. Mtoto wa samaki aitwaye changu akitoka yaini alikuwa changu tupu, magamba ya baba, mapezi ya mama, ila udogo wake kama ukucha. Na kwenye mwamba mmoja aliishi mama changu, jina lake Mwanakombo.

Mwanakombo akataga, watoto wakatoka; na mwambani hapo aliishi pia Chewa, samaki mkubwa mlafi. Chewa akaja, akala. Mwanakombo akataga tena. Chewa akaja, akala. Mara saba alitaga, mara saba akabaki mtupu. Mnauliza alilia? Samaki akilia, nani atayaona machozi? Lakini alilia.

"Chewa, dada yangu," alimwambia, "hata mmoja huniachii?"

Chewa akacheka, mdomo wazi kama pango. "Nikuachie wa nini? Wanang'aa hao, nawaona toka mbali. Na kila siku wako mahali palepale!"

Wanang'aa. Mahali palepale. Maneno hayo yalimkaa Mwanakombo rohoni siku tatu, hata chakula hakugusa.

Alfajiri ya siku ya nne ilikuwa bamvua, maji makubwa. Yalipoanza kutoka, Mwanakombo akaenda ukingoni mwa mwamba, pale kina kinapoanzia. Mzee Pono, mkuu wa mwamba, akamfuata mbio.

"We Mwanakombo! Unakwenda wapi na tumbo lote hilo?"

"Nakwenda kuwaachilia wanangu waende na maji, babu."

"Kuwatupa?"

"Kuwaachilia waende na maji."

"Huko nje hakuna jiwe wala jani la kujifichia! Mama gani wewe?"

"Mama aliyefiwa mara saba, babu. Nipishe."

Pono akapisha. Mwanakombo akaachilia mayai yote. Mengi yalizama kama changarawe, yakaliwa na kaa. Lakini machache yalikuwa na tone la mafuta ndani, dogo kuliko ncha ya sindano. Hayo yakaelea. Maji yakatoka nayo, Mwanakombo akabaki anatazama buluu tupu.

Mwambani wakamsema. "Yule ndiye mama mtupa wana." Naye kila bamvua akarudi ukingoni, kila bamvua akaachilia. Hofu alikuwa nayo, tena tele. Alikwenda nayo hivyohivyo.

Na huko nje, wajukuu, bahari haina huruma. Aliyeng'aa akaonekana, akaliwa. Aliyepenywa na mwanga kama maji, hakuna aliyemwona. Aliyezaliwa laini akamezwa. Aliyeota miiba kichwani akatemwa, ptuu!

Wakarudi wanne. Wanne tu, waliingia na maji kujaa, kama vipande vya kioo vyenye macho.

"Nyie nani?" Mwanakombo akauliza.

"Tunatafuta mwamba," akajibu mmoja. "Tumeusikia toka mbali, unatatarika kama kuni motoni."

"Nani kawafundisha?"

"Hakuna. Tumesikia tu, tukaja."

Mara Chewa huyo! Mwanakombo akaganda. Chewa akapita juu yao, akageuka, akapita tena, hakuona kitu. Siku chache baadaye kioo kikaingia rangi, magamba yakaota, na Mwanakombo akaiona sura yake mwenyewe mara nne.

Wale wanne wakakua, wakazaa. Mwenye tone akazaa wenye tone, mwenye miiba akazaa wenye miiba. Wanne wakawa arobaini, arobaini wakawa mia nne. Halikuwa jambo la siku moja; zama hizo samaki waliishi miaka mingi mno, ndiyo maana Mwanakombo aliyaona yote. Akawa bibi wa mabibi. Na asubuhi moja maji yakajaa, na pamoja nayo likaingia wingu zima la watoto wa kioo, mwamba ukajaa hadi mawe hayakuonekana!

"Wanangu hao!" Mwanakombo akapiga kelele. "Wanangu wamerudi!" Na Mzee Pono, kwa aibu yake, ndiye aliyeanza vigelegele.

Mwishowe akaja Chewa, amekonda. "Mwanakombo, na wangu wanaliwa na Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Nionyeshe njia."

Mngekuwa nyinyi mngemjibuje? Yeye alisema, "Njoo bamvua ijayo. Nitakungoja ukingoni."

Tangu hapo watoto wa changu, wa pono na hata wa chewa huanza maisha hawafanani na wazazi wao, mbali, wakielea. Basi mkimwona mtoto hafanani na kwao, msimcheke. Mwili alionao ndio unaomfaa kwa safari yake ya leo.

Kisa nimekiteremsha. Mwenye mabega akibebe.