Nyota Moja, Mabega Matatu

Sogeeni, na mwenye kutaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitauliza, na jibu la "sikusikia" silipokei.

Kapteni Tatu Mkwizu alipewa kazi ambayo hakuiomba: katika makoplo watatu wa kambi yake, amchague mmoja aende chuo cha maofisa. Nafasi ilikuwa moja tu, na wote watatu umri ulikuwa unawatupa mkono. Watakaoachwa wasingejaribu tena. Kapteni alikosa raha. Mwaka juzi alimchagua kijana aliyejibu kila swali, na leo askari wa kijana yule wanamkwepa kama ukoma. "Nikikosea tena," alijiambia, "watakaoumia ni watoto wa watu."

Nyanzala alilijua jeshi kwa kichwa: vyeo, historia ya kila kikosi, na kitabu cha amri za kudumu toka jalada hadi jalada. Lusajo aliijua ardhi. Mpe ramani, atakwambia ng'ambo ya kilima kuna nini. Kibwana aliwajua watu. Jeshini husemwa ofisa hula mwisho, askari wake wakishashiba. Kibwana hakuwa ofisa, lakini kila siku alisimama mwisho wa foleni ya chakula, akaambulia ukoko.

Basi Kapteni akawatuma watatu hao wawaongoze kuruta kumi, kilomita ishirini kwa miguu, jua la kiangazi. Yeye akabaki kambini akitazama saa.

Saa nne asubuhi Kibwana aligeuka nyuma, kuruta Shija hayupo. Tangu jana yake alimwona hagusi chakula, na Shija alimsihi, "Koplo, usiseme, watanirudisha nyumbani." Kibwana akanyamaza. Sasa alirudi mbio, akamkuta kichakani, mwili unawaka, kauli imepotea. Wengine hawakuwa hata wamejua kwamba mtu amepungua.

Redio haikushika. Nyanzala akashikilia kwamba kanuni ni kusubiri pale pale, na dakika kumi zikaishia kwenye ubishi. Mwishowe Lusajo akakunja ramani.

"Kwa barabara ni saa tatu. Kwa korongo hili ni nusu saa, tunatokea nyuma ya zahanati."

Wakamfungia Shija machela ya matawi na mashati, wakateremka. Lakini Lusajo alificha jambo moja aliloliona kwenye ramani: korongo lile lilikatiza uwanja wa shabaha.

Walipofika kwenye bendera nyekundu ya kuonya watu wasiingie uwanjani, risasi zilikuwa zinalia mbele yao. Kurudi nyuma ni kumzika Shija. Nyanzala akasimama chini ya bendera, mikono juu, akapuliza filimbi na kupaza sauti, "Acheni kupiga!"

Risasi zikakoma. Akaja meja, anatetemeka kwa hasira.

"Koplo! Nani kakupa mamlaka ya kusimamisha risasi zangu?"

"Amri za kudumu, afande. Anayeona hatari, hata awe kuruta wa jana, ana haki ya kusimamisha."

Meja akageuka, akaita dereva. Kisha akatoa gari.

Daktari alisema wangechelewa robo saa, wangeleta maiti.

Mchana ule Kapteni akawaita. "Semeni wenyewe. Nani aende?"

"Si mimi, afande," Kibwana alisema. "Ningesema jana, asingeanguka."

"Mimi nilijua kuna shabaha," Lusajo alisema, macho chini. "Niliwapeleka watu kumi na wawili kwenye risasi bila kuwaambia."

"Zile dakika kumi ni zangu," Nyanzala alisema.

Kapteni alichanganyikiwa zaidi. Akaenda zahanati kwa Shija. "Mwanangu, ukienda vitani ungependa uongozwe na yupi?"

Shija akajikongoja kukaa kitandani. "Afande, mimi nilikuwa nimezimia."

Kapteni akacheka, akarudi ofisini kwake. Nje, dereva wa makao makuu ameshawasha gari, anaisubiri fomu yenye jina la atakayekwenda chuo. Kalamu iko mkononi, na nafasi ya jina bado iko tupu.

Haya, wenzangu. Aliyemwona Shija, aliyemtafutia njia, aliyemvusha kwenye risasi. Kila mmoja na kosa lake. Kumbuka kwamba utakayemvisha nyota ya uofisa leo, kesho ataongoza mwanao. Mimi kalamu hiyo siishiki. Je, ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?