Kilemba cha Zari

Hapo zamani, enzi farasi wa wafalme walipokula tende na raia wakabakiwa na kokwa, palikuwa na sultani katika mji wa Kitangani, jina lake Sultani Mshahame. Alikuwa mtu mwema akishiba na mkali akiwa na njaa, na hapana mtu aliyewahi kumwona bila kilemba. Alikula nacho, akasali nacho, na wakeze walisema hata kulala alilala nacho. Kwa nini, watu wote walijua, kwa maana kinyozi wa jumbani alishinda kutwa akipiga miayo. Lakini hapana aliyelitamka. Mdomo uliponza kichwa, na kila mtu wa Kitangani alikipenda kichwa chake.

Tena ilikuwa desturi ya mji ule kwamba kilemba cha enzi kikipita, kila asiyekuwa mfalme huinama akatazama vidole vya miguu yake, wala hainui uso mpaka Sultani mwenyewe aseme, "Inukeni."

Sultani huyo alikuwa na farasi jike, mweusi kama masizi, akiitwa Zari. Kila mwaka baada ya Idi kubwa, Sultani Shekue wa mji wa Magongeni alikuja na farasi wake, wakashindanishwa uwanjani kwa uzuri. Sharti lilikuwa farasi aletwe kama alivyozaliwa, bila tandiko, bila shela, bila hata kipande cha kitambaa, kamba yake tu. Na mfalme aliyeshindwa hushika kamba ya farasi aliyeshinda, akamwongoza kuuzunguka uwanja mzima, watu wakitazama. Mwaka uliotangulia Shekue ndiye aliyeishika kamba hiyo, na hakuwa mtu wa kusahau.

Basi, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya siku ya uwanja, akapita Kitangani mchuuzi wa dawa, mtu wa maneno matamu, akamnong'oneza Sultani kwamba anayo dawa ya kuotesha nywele hata juu ya kigae. Ilikuwa na asali na karafuu na mafuta ya ufuta, na kitu kingine ambacho mchuuzi hakukitaja. Sultani akanunua chungu kizima. Kisha akaingiwa na shaka, akasema moyoni, "Mfalme hajaribu dawa kwa kichwa chake. Nitajaribu kwa Zari kwanza, utosi kwa utosi, na zikirefuka nywele zake nitajua dawa ni ya kweli."

Mchana, mji mzima ulipokuwa umejilaza baada ya chakula, Sultani akanyemelea bandani, akampaka Zari baina ya masikio, akimpa vidole alambe ili asipige kelele. Zari akaipenda asali ile kupita kiasi. Na Sultani, subira ikamshinda, akajipaka na yeye papo hapo, akijiambia kwamba kichwani mwake hakuna cha kupotea.

Hata siku ya pili yake nywele za Zari zikamtoka zote za utosini, pakabaki kipara cheupe, chenye kung'aa, kama kifuu cha nazi kilichopigwa msasa.

Jamani, mtu akikosea husema nimekosea. Sultani Mshahame hakusema. Alimwita mtunza farasi wake, mzee Feruzi, aliyemlea Zari tangu alipokuwa hajui kusimama, akamfokea mbele ya baraza zima. "Umemfanya nini farasi wangu? Shekue aje ayaone haya? Basi sikiliza. Siku ya uwanja, asiwepo raia hata mmoja atakayekiona kipara hicho, na sharti la uwanja lisivunjwe. Usipoweza, wewe utatoka mji huu na hutarudi, na farasi atafungwa kwenye kinu cha ufuta, azunguke humo mpaka afe."

Mzee Feruzi akarudi nyumbani kwa binti yake, akaketi kizingitini, akalia. Kufukuzwa angekuvumilia, alisema, ila Zari kufungwa kinuni hakuweza hata kukufikiri. Na huyo binti, jina lake Mwanakheri, alikuwa ameolewa na Tamimu, fukara kuliko mafukara wote wa Kitangani, mtu ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi.

Mwanakheri akamwambia mumewe, "Kila siku nasikia Tamimu ana akili, Tamimu ana akili. Mimi akili hiyo sijaila wala sijaivaa. Leo mponye baba yangu nami niione."

"Mke wangu, umenishika pabaya," akasema Tamimu. "Nipe viatu."

"Viatu gani, wewe mwanamume? Huna viatu."

"Basi nimechelewa bure," akasema, akatoka.

Akaenda kwanza bandani kumtazama Zari. Akakitazama kipara, akakinusa, akasikia harufu ya asali na karafuu. Akaenda jumbani, akainama kuubusu mkono wa Sultani, akasikia asali na karafuu. Sultani akageuza kichwa kumwita mtumishi, na upepo mdogo ukatoka kwenye kilemba nao ukanukia asali na karafuu. Tamimu akaelewa yote, akafunga kinywa chake, na kwa Tamimu hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia.

"Maulana," akasema, "mimi ni mkwewe Feruzi. Nimekuja kukiondoa kipara cha Zari machoni pa watu."

"Una dawa?"

"Ninayo. Imejaribiwa humu humu jumbani mwako miaka mingi, na haijashindwa hata siku moja. Kipara huwa kipo, na hapana raia akionaye. Ila hutiwa asubuhi ya siku yenyewe, na nitataka kitu kimoja kutoka jumbani. Naomba uape mbele ya baraza kwamba hutaninyima."

Sultani hakutaka kujua zaidi. Moyo wake ulikuwa umeshaona kamba mikononi mwake na Shekue akicheka. Akaweka mkono kichwani, akasema, "Naapa kwa kilemba hiki. Chochote utakacho ni chako siku hiyo, na Feruzi atasamehewa."

"Umeapa kwa kitu chema sana," akasema Tamimu, akaenda zake.

Siku ikafika. Watu wa miji miwili wakajaa uwanjani, ngoma zikalia, na Sultani Shekue akaketi kitini, farasi wake kando yake, amejifunga kilemba kikubwa kama mto wa kulalia. Huko bandani Sultani Mshahame alikuwa akitembea huku na huku. Mara akaingia Tamimu, na nyuma yake Feruzi akimvuta Zari, na kipara chake kilimeremeta hata kivulini.

"Dawa iko wapi?" akauliza Sultani.

"Iko kichwani mwako, Maulana. Nipe kilemba."

Sultani akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nitakukata ulimi."

"Ni haki yako. Lakini baraza zima lilikusikia ukiapa. Na tena, Maulana, Zari ananukia asali na karafuu, na mimi nina pua, na pua hii ina rafiki mbaya anaitwa mdomo."

Sultani akamtazama Tamimu, akamtazama Zari, akamtazama mzee Feruzi ambaye alikuwa ameliegemeza shavu lake shingoni pa farasi kama mtu anayeaga. Aibu ikamshika, si ya kipara, bali ya yule mzee.

"Na mimi nitatokaje?" akauliza. "Watanicheka."

"Watakuonaje, Maulana? Kilemba cha enzi kikipita, raia wote hutazama vidole vyao. Hawatakiona kichwa cha farasi, wala hawatakiona chako. Kilemba kimoja, vipara viwili."

Basi ikawa Zari aliingia uwanjani amefungwa kilemba cha enzi, kizuri, cha nguo nyekundu, masikio yametokeza kushoto na kulia, anatembea kwa maringo kama aliyezaliwa nacho. Ngoma zikakatika. Watu wakakiona kilemba, na kwa desturi yao wakainama wote pamoja, wa Kitangani na wa Magongeni, wakubwa kwa wadogo. Na huko chini walikuwa wakiumia, maana kila mmoja alikuwa ameona kitu lakini hakuwa na hakika ameona nini. "Farasi amevaa nini?" mmoja akanong'ona. "Nyamaza, tazama vidole vyako," akajibiwa. "Nimevitazama, havinijibu."

Nyuma ya farasi akaja Sultani Mshahame, kichwa wazi, jua linakipiga, anajikaza kisabuni.

Uwanja mzima alikuwa mmoja tu asiyeinama, naye ni Sultani Shekue, kwa kuwa mfalme hainamii kilemba cha mwenzake. Akatumbua macho, akaona kichwa cha Mshahame, akaona kilemba cha farasi, akashikilia mbavu.

"Sharti limevunjwa," akasema Shekue. "Tulisema farasi aletwe bila hata kitambaa. Ondoeni kitambaa hicho."

Tamimu, aliyeshika kamba ya Zari, ameinama, akajibu akivisemesha vidole vyake. "Bwana wangu, kitambaa kipi? Mimi nilifunga kilemba cha enzi. Au huko Magongeni kilemba cha mfalme ni kitambaa? Maana kama ni kitambaa, raia wako hapa wameinamia kitambaa, na nyumbani pia wanainamia kitambaa, na leo wakirudi watataka kujua walikuwa wanaogopa nini."

Shekue akageuka nyuma. Watu wake walikuwa wakisikiliza, migongo juu, masikio wazi.

"Vyema, ni kilemba," akasema. "Basi niambie, chini yake kuna nini?"

"Lo, bwana wangu. Tangu lini mtu akauliza chini ya kilemba cha mfalme kuna nini? Tukianza kuulizana hayo, swali litaanzia kwa Zari, ila litaishia kwa nani?"

Hapo Sultani Shekue akainua mkono taratibu, akakishika kilemba chake mwenyewe.

Na huenda mambo yangekwisha hapo kwa heshima. Lakini Zari alikuwa amesimama karibu na kile kiti, na pua zake zilikuwa zikitetemeka. Kumbe yule mchuuzi wa dawa alikuwa amepita Magongeni kabla ya kuja Kitangani. Asali ile ile, karafuu ile ile. Zari akanyoosha shingo. Wapo wanaosema kamba iliteleza mkononi mwa Tamimu, na wapo wanaosema Tamimu aliilegeza. Mimi sikuwapo, nawe hukuwapo. Zari akakishika kile kilemba kwa meno, akakivuta, kikafunguka mkunjo baada ya mkunjo mpaka mwisho, kisha akakitema, akaanza kukilamba kichwa cha Sultani Shekue.

Kilikuwa kipara kizuri zaidi kuliko vyote viwili.

Wafalme wale wakatazamana. Mshahame akatoa kicheko kidogo, akakizuia, kikamponyoka kikatoka kikubwa. Shekue akajaribu kukasirika, lakini ni vigumu mtu kukasirika akilambwa na farasi. Akacheka na yeye, akacheka mpaka akateremka kitini akaketi chini, na Zari akamfuata huko huko. Raia chini walikuwa karibu kuzimia kwa hamu. Mwanakheri, aliyekuwa mstari wa mbele, alikuwa akiuma ushungi wake asicheke.

Ndipo Sultani Mshahame akapangusa machozi, akasema, "Inukeni."

Wakainuka. Wakaona wafalme wawili, vichwa wazi, na farasi mmoja amevaa kilemba.

Mshahame akakifungua kilemba cha Zari kwa mikono yake, kila mtu akakiona kile kipara. Akasema, "Watu wangu, kipara hiki nilikitia mimi. Nilimpaka farasi dawa ya kichwa changu, kisha nikamtwisha Feruzi kosa. Feruzi, nisamehe. Zari hatakiona kinu, na hapana mkono utakaomgusa ila wako. Na kwa sharti la uwanja, farasi mwenye kipara ameshindwa. Shekue, nipe kamba ya farasi wako."

Mzee Feruzi akaja akamshika Zari shingoni akabaki hivyo.

"Ngoja," akasema Shekue. "Nikipita mimi na kichwa hiki nikijifanya mshindi, watoto watanicheka mpaka Magongeni. Nipe na mimi kamba ya wako."

Ikawa wafalme wawili waliuzunguka uwanja bega kwa bega, kila mmoja akimvuta farasi wa mwenziwe, vichwa vyao viking'aa, na watu wakashangilia siku ile kuliko miaka yote waliyokuwa wakiinama.

Walipomaliza, Sultani akamwita Tamimu. "Taja ujira wako."

"Maulana, nakuomba kile chungu cha dawa."

Sultani akashangaa. "Wewe una nywele kama kichaka. Dawa ya nini?"

"Si yangu. Ni ya Mwanakheri. Kazi ya kunyonyoa manyoya ya kuku inamchosha sana, na dawa hii nimeiona ikifanya kazi."

"Kuku unao?"

"Sina, Maulana. Lakini nimeona niseme mapema."

Sultani akacheka upya mpaka akashikwa mkono asianguke, akaamuru Tamimu apewe kuku tenga kwa tenga, na jogoo juu, na viatu pia. Nywele za Zari ziliota tena zenyewe kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa hapana aliyempaka kitu. Za Sultani hazikuota, naye akaacha kuulizia. Nami hekaya yangu naikatia hapa. Mwenye nywele na azichane, mwenye kipara na atoke nje apigwe na upepo.